Jezi Aliyoikataa Oliech: Somo kwa Kijana Anayetafuta Maisha

Wiki hii tunatoka kidogo kwenye maisha ya watakatifu tuliyoyazoea, tunakwenda uwanjani. Najua wengi wenu, ukiwauliza majina ya Mitume kumi na wawili watasitasita, ila kikosi cha timu yao wanakitaja chote hadi wa akiba. Basi leo tuanzie huko huko mlipo.

Masomo ya kuandaa: Danieli 1:1-17, Marko 7:9-13, Yohane 19:25-27. Soma kwanza, ndipo uendelee.

Oliech ni nani?

Kwa mliozaliwa juzi juzi: Dennis Oliech ni mshambuliaji mstaafu wa Kenya. Alizaliwa Nairobi Februari 2, 1985, akaibukia Mathare United, timu iliyotokana na mpango wa vijana wa mtaa wa Mathare. Akiwa bado mdogo kabisa akaitwa Harambee Stars, na mwanzoni mwa 2004 alikuwa Tunisia kwenye fainali za AFCON.

Kenya ilianza vibaya. Ilifungwa na Mali 3-1, ikafungwa na Senegal 3-0. Mechi ya mwisho ikaichapa Burkina Faso 3-0, na Oliech akafunga moja ya mabao hayo, ndiyo kwanza anatimiza miaka 19. Ule ulikuwa ushindi wa kwanza wa Kenya katika historia yake yote ya fainali hizo, ingawa ilianza kushiriki tangu 1972.

Kabla ya kufika Ulaya alipita Doha, Qatar, katika klabu ya Al-Arabi. Kisha Ufaransa: Nantes, halafu Auxerre kuanzia 2007, halafu Ajaccio kule kisiwani Corsica. Auxerre ni mji mdogo, lakini msimu wa 2009/10 timu yake ilimaliza ya tatu Ufaransa, ikaingia Ligi ya Mabingwa Ulaya na kupangwa kundi moja na Real Madrid, AC Milan na Ajax. Yaani kijana wa Nairobi akawa anasikia ule wimbo wa Ligi ya Mabingwa akiwa upande wa wachezaji, si upande wa televisheni. Kwa timu ya taifa alifunga mabao zaidi ya 30. Mwaka 2019 akarudi nyumbani kuchezea Gor Mahia, na huko ndiko safari ya soka ikaishia.

Mabao ni mazuri, lakini ninachotaka tujifunze si mabao. Ni jambo moja alilolikataa.

Ofa ya Qatar

Oliech amesimulia zaidi ya mara moja kwamba alipokuwa Qatar aliahidiwa fedha nyingi sana ili achukue uraia wa nchi hiyo na kuichezea timu yake ya taifa. Akakataa. Akabaki Mkenya.

Ili uelewe uzito wake, kumbuka nyakati zile. Qatar ilikuwa inatafuta wanamichezo kila kona. Mwaka 2003 mkimbiaji wa Kenya, Stephen Cherono, alichukua uraia wa Qatar na jina jipya, Saif Saaeed Shaheen. Agosti mwaka huo huo akashinda dhahabu ya dunia mjini Paris katika mbio za mita 3,000 kuruka viunzi na maji, akiwa na jezi ya Qatar, na Wakenya aliokua nao wakiwa nyuma yake. Mwaka 2004 akavunja rekodi ya dunia, lakini kwenye Olimpiki ya Athens hakukimbia, kwa sababu Kenya haikukubali aikimbilie nchi mpya mapema hivyo.

Kwa hiyo ofa ya namna hii haikuwa hadithi ya barazani. Mlango ulikuwa wazi, na kuna waliouingia. Oliech alikuwa kijana wa mtaani ambaye familia ilikuwa ikimtegemea. Jiulize wewe ungefanya nini. Usijibu haraka kwa sababu uko kwenye somo la dini!

Si kila kubadili ni usaliti

Hapa naomba tuwe makini, maana ni rahisi kulihubiri somo hili vibaya. Sitaki mtu atoke hapa akisema Cherono ni msaliti na Oliech ni mtakatifu. Kuchukua uraia wa nchi nyingine si dhambi. Wapo ndugu zetu waliopata uraia Uingereza, Oman au Kanada, wanafanya kazi kwa uaminifu, wanasali, wanawatunza wazazi wao. Moyo wa Cherono anaujua Mungu.

Tazama Danieli na wenzake watatu. Wamepelekwa Babeli wakiwa vijana, na mfalme anataka kuwafanya watu wake. Wanafundishwa lugha ya Wakaldayo: wanakubali. Wanapewa kazi ya jumba la mfalme: wanakubali. Wanabadilishwa hata majina, Danieli anaitwa Belteshaza, wengine Shadraka, Meshaki na Abednego. Biblia haisemi kwamba waligoma. Lakini kilipofika chakula cha mfalme, Danieli akaazimia moyoni kutojitia unajisi. Akaomba mboga na maji kwa siku kumi.

Ona jinsi alivyofanya. Hakutukana mtu, hakuvunja sahani. Alizungumza kwa adabu na msimamizi, akapendekeza njia ya kujaribu. Lakini alikuwa anajua mstari wake uko wapi, na aliuchora kabla ya sahani kuwekwa mezani. Anayesubiri hadi harufu ya nyama imfikie puani ndipo aanze kufikiri, huyo amechelewa.

Kwa hiyo swali la somo letu si "je, nibadilike au nisibadilike?" Maisha yatakubadilisha tu. Swali ni: kipi ndani yangu hakiuzwi, hata bei ikipanda?

Kwa sisi Wakatoliki, jibu la kwanza tumeshapewa. Katekisimu, namba 1272, inatufundisha kwamba Ubatizo hutia rohoni chapa isiyofutika. Pasipoti inaweza kubadilishwa, jina linaweza kubadilishwa, hata sura siku hizi wanabadilisha. Chapa ile haiondoki. Unaweza kuishi kana kwamba haipo, lakini huwezi kuifuta.

Uaminifu ambao haukulipa

Sasa tufike mahali ambapo wahubiri wengi hupaparuka haraka. Je, Oliech alilipwa kwa uaminifu wake?

Tuseme ukweli. Baada ya ile AFCON ya 2004, Kenya haikufuzu tena mpaka 2019. Miaka 15! Yaani miaka yote mizuri ya Oliech, miaka ya Auxerre na Ligi ya Mabingwa, nchi aliyoichagua haikumpeleka tena kwenye fainali hata moja. Katikati hapo viongozi wa soka la Kenya waligombana hadi FIFA ikaifungia nchi, mwaka 2004 na tena 2006. Mshambuliaji wa Ligi Kuu ya Ufaransa alikuwa anaruka saa nane angani kuja kuchezea timu ambayo mara hata nauli ni matatizo.

Kama tungekuwa tunahubiri ile injili ya "toa moja upate kumi", hadithi hii ingetutia aibu. Lakini Injili ya Kristo haikuahidi hivyo. Wale vijana watatu wa Babeli, walipofika mbele ya tanuru (Danieli 3:17-18), walimwambia mfalme kwamba Mungu wao aweza kuwaokoa, na hata asipowaokoa, hawataisujudia sanamu. Imani yote imo ndani ya lile "hata asipo". Kijana anayekuwa mwaminifu kwa sababu anategemea malipo, siku malipo yakichelewa ataondoka. Anayekuwa mwaminifu kwa sababu ndivyo alivyo, hana cha kudai.

Sisi wa Unguja tunalielewa hili vizuri. Machi 2017 Zanzibar ilikubaliwa kuwa mwanachama kamili wa CAF, watu wakashangilia, na Julai mwaka huo huo uanachama ukafutwa. Miezi minne tu. Desemba, vijana wa Zanzibar Heroes wakaenda Kenya kwenye Kombe la CECAFA wakafika fainali, wakatolewa kwa penalti. Hawakuwa na Kombe la Dunia la kuota kwa bendera hiyo. Wakacheza hivyo hivyo, kwa moyo wote. Mtu wa kisiwani anajua kupenda kitu ambacho dunia haikihesabu.

Babeli yetu hapa hapa

Labda unasema, mimi hakuna tajiri wa Doha anayenitafuta. Subiri. Ofa hazivai kanzu ya kifalme siku zote.

Ipo ya cheti. Kijana mmoja wa kikundi chetu, fowadi mzuri kweli, alinijia jioni moja baada ya rozari. Wakala alikuwa amemwahidi majaribio nje ya nchi, kwa sharti moja: atumie cheti cha kuzaliwa cha mtu mwingine, mdogo kwake kwa miaka minne. Jina tofauti, baba tofauti, mama tofauti kwenye karatasi. "Kaka," aliniambia, "mama anauza vitumbua tangu nizaliwe. Mi nataka apumzike."

Sikumjibu kwa mstari wa Biblia. Nilimwuliza, "Siku mama atakapokuja uwanjani kukuangalia, watu watakuwa wanaliimba jina la nani?" Akanyamaza muda mrefu. Tukazungumza mambo ya kawaida pia: kwamba wakala anayeanza kwa kughushi atamghushia na mkataba; kwamba akigundulika atafungiwa; kwamba mdogo wake anayemwiga anajifunza nini. Mwisho aliamua mwenyewe, akakataa. Sitawadanganya kwamba wiki iliyofuata akapata timu Ulaya. Mpaka naandika hapa bado anabeba mizigo asubuhi Darajani na jioni anafanya mazoezi. Lakini analala kwa jina lake.

Ipo ya hoteli. Wengi wenu mmetoka Bara kuja kutafuta kazi Nungwi, Kiwengwa, Paje. Kazi ni halali, tena ni baraka. Lakini Jumapili ya kwanza unakosa Misa kwa sababu ya zamu, ya pili kwa uchovu, ya tatu hukumbuki kama ni Jumapili. Hakuna aliyekuambia uikane imani. Ulisahau tu, kidogo kidogo. Danieli angekuambia: nenda kwa msimamizi, ongea kwa adabu, omba kubadilishana zamu. Mwenzako Mwislamu naye anahitaji Ijumaa yake, pokezaneni. Nimewaona watu wakifanya hivyo na urafiki ukazidi.

Ipo ya mapenzi. Mgeni amekuja likizo wiki mbili, ameahidi viza. Au mchumba anasema tutaoana, ila hayo mambo yako ya kanisani yaache kwanza. Sitaki kumsema mtu wala dini ya mtu. Tunaishi na majirani zetu Waislamu kwa heshima, na wao wametuheshimu. Ninachosema ni hiki: anayekupenda hatakuomba ujitoe wewe mwenyewe kwanza, ndipo apokee kilichobaki.

Na ipo safari ya Ghuba. Kazi za ndani, udereva, ulinzi. Wapo wanaokwenda wakafanikiwa. Ukienda, nenda na karatasi zako halali, mkataba uliousoma, na nyumbani waachie namba za simu. Na ukumbuke wewe ni nani.

Mama

Siwezi kumaliza habari za Oliech bila mama yake, Mary Oliech, ambaye Nairobi nzima ilimjua kama Mama Oliech. Alikuwa na mgahawa wa samaki eneo la Kilimani, maarufu kiasi kwamba Mark Zuckerberg, mwanzilishi wa Facebook, alipotembelea Kenya Septemba 2016 alikula pale ugali na samaki. Kwa hiyo msifikiri jina lile lilijulikana kwa miguu ya mtoto tu. Lilijulikana na kwa mikono ya mama.

Mama huyo aliugua saratani, akafariki 2018. Dennis amesema hadharani kwamba sehemu kubwa ya fedha alizochuma kwenye soka aliitumia kwa matibabu yake. Wapo waliomcheka mitandaoni: mchezaji wa Ulaya, mbona hana majumba? Wengine hupenda kuhesabu mali ya mstaafu kama wanahesabu mabao.

Mimi nasema hivi. Kama fedha ya mpira ilimwongezea mama siku za kuishi, au ilimpunguzia tu maumivu, imefanya kazi ambayo jumba haliwezi. Katika Marko 7, Yesu anawakemea watu waliokuwa wakisema mali yao ni Korbani, yaani imewekwa wakfu kwa Mungu, ili wasiwasaidie wazazi. Hakukubali hata dini itumike kama kisingizio. Katekisimu namba 2218 inasema wazi: watoto wakishakuwa watu wazima, wana wajibu wa kuwasaidia wazazi kwa mali na kwa moyo katika uzee, ugonjwa na upweke. Na Yesu mwenyewe, akiwa juu ya Msalaba, pumzi zinaisha, alihakikisha mama yake ana mahali pa kukaa.

Hapo ndipo naona jambo kuhusu ile ofa. Mtu anaweza kusema: angechukua fedha za Qatar, angemtibu mama vizuri zaidi. Labda. Hatujui. Tunachojua ni kwamba hakuuza nchi yake na hakumtelekeza mama yake. Mara nyingi shetani hutuambia tuchague moja: ama uwe mwaminifu, ama uwasaidie wa kwenu. Oliech alifanya yote mawili kwa miguu ile ile, akabaki na kidogo. Si kushindwa huko.

Baada ya filimbi

Alipostaafu mambo hayakunyooka yote. Mwaka 2019 alijaribu kuingia siasa, akautaka ubunge wa Kibra katika uchaguzi mdogo. Hakufika, na Gor Mahia ikaachana naye. Mtu ni mtu. Hatumweki altareni, tunajifunza kwake.

Mtume Paulo (1 Wakorintho 9:24-27) aliwatazama wanariadha wa zama zake wakijinyima kwa ajili ya taji la majani ambalo hunyauka. Taji la soka nalo hunyauka. Straika akifika miaka 35 magoti yanamwambia basi. Kitakachobaki ni majibu aliyoyatoa siku alipoulizwa bei yake.

Ya kujadili kikundini

1. Taja kitu kimoja ambacho umeshakibadilisha tangu ufike mjini, nacho hakina ubaya. Taja kimoja ambacho hutakibadilisha.
2. Danieli alikubali jina jipya akakataa chakula. Katika kazi yako au shule yako, "chakula cha mfalme" ni kipi?
3. Ungemjibuje yule kijana wa cheti, ukijua hali ya mama yake?
4. Je, uaminifu usiolipa una maana? Toa mfano wa mtu unayemjua.

Zoezi la wiki

Andika kwenye karatasi mambo matatu ambayo hayauzwi kwako. Ikunje, iweke kwenye Biblia yako katika Danieli sura ya kwanza. Halafu mpigie simu mama, baba, au aliyekulea. Usiombe kitu. Muulize tu amelalaje. Na Jumapili tukutane Minara Miwili. Mlioko shamba, nendeni kigango kilicho jirani.

Tusali

Ee Bwana Yesu, ulitutia alama yako siku ya Ubatizo wetu, kabla hatujajua kusema ndiyo wala hapana. Utujalie ujasiri wa kusema hapana kwa adabu, na ndiyo kwa moyo wote. Uwabariki wazazi waliotulea kwa vitumbua, kwa samaki na kwa jasho. Uwapumzishe kwa amani waliotangulia. Na siku tutakapoulizwa bei yetu, utukumbushe kwamba tumekwisha nunuliwa kwa Damu yako. Unayeishi na kutawala daima na milele. Amina.

Mama Maria, Malkia wa Vijana, utuombee.